Mfilipino wa badminton: wawili wa jinsia moja au mseto?

Kwa mchezaji kijana wa Manila, ligi ya vyuo vikuu, UAAP, ni mlango mmojawapo. Timu za wanaume na wanawake hushindana kando, kwa hiyo anayecheza na mwenzake wa jinsia yake hupata mechi nyingi mapema. Mseto, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja, hauna ngazi hiyo.

Uwanja ni uleule, upana mita 6.1, lakini kazi hubadilika. Wawili wa jinsia moja huzunguka: wakishambulia, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakilinda, hukaa sambamba. Kwenye mseto, mwanamke kwa kawaida hushika wavu. Mtazame akipokea sevu fupi, yaani pigo la kuanzisha: raketi iko juu tayari, hatua moja, kinyoya, ndicho mpira wa badminton, kinadondoka ng'ambo kabla mpinzani hajainama. Kwangu huo ndio ufundi mtamu kuliko smashi yoyote, lile pigo kali la kushuka.

Ndugu Kennevic na Kennie Asuncion waliiwakilisha Ufilipino kwenye mseto. Kuelewana bila kusemezana, nadhani, ndugu wana mtaji wake. Ila kama ningemshauri anayeanza, aanze na jinsia moja. Mseto atauongeza miguu ikikomaa.