Modeli za magari ya misuli ya Marekani: nunua kalibu, usinunue boksi

Chukua maboksi mawili ya modeli za plastiki za kujiunganishia mwenyewe, yote ya gari la Plymouth 'Cuda. Yote yameandikwa Revell, jina la mtengenezaji, yote yana picha ya gari linalong'aa, na bei zake hazipishani sana. La kwanza ni la skeli ya 1/25, yaani kila kipimo ni sehemu moja ya 25 ya gari halisi, na plastiki yake imetoka kwenye kalibu (chuma kinachoipa plastiki umbo) iliyochongwa muongo wa 2010. La pili ni 1/24, na kalibu yake ni ya Monogram ya miaka ya 1980, kampuni iliyokuja kuunganishwa na Revell mwaka 1986. Jenga yote mawili, yaweke meza moja, na mtu asiyejua magari atakuuliza kwa nini moja limevimba.

Mimi nimejenga modeli hizi kwa miaka mingi, na kila anayeniuliza anunue ipi namwambia lile lile: uliza kalibu ilichongwa lini na nani aliichonga. Picha ya boksi hubadilishwa kila seti inaporudi sokoni. Kalibu haibadiliki hivyo. Inaweza kuwa ya juzi, inaweza kuwa ya enzi ambazo gari lenyewe lilikuwa bado linauzwa kwa wakala, na boksi likawa kimya kuhusu jambo hilo.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, shika rula. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma unajulikana kwa kila gari, na ndicho kipimo rahisi kuliko vyote. Dodge Charger ya 1968 ina inchi 117. Kwa 1/25 unatakiwa upate milimita 119 hivi. Pontiac GTO ya 1964 ina inchi 115, yaani milimita 117 kwa 1/25 na karibu 122 kwa 1/24. Camaro ya 1969 ina inchi 108.1, kwa 1/25 ni milimita 110. Ukikuta tofauti ya milimita moja, usikose usingizi. Ikifika tatu, bodi yote imevutwa au imebanwa, na hakuna rangi itakayoficha. Na ukianza kukusanya, chagua skeli moja ubaki nayo. Seti nyingi za Kimarekani ni 1/25, za Kijapani ni 1/24, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo kwenye maandishi inaonekana wazi kwenye kabati.

Jambo la pili ni mwaka. Kwa magari haya, mwaka mmoja ni gari jingine. Charger ya 1968 ina taa nne za mviringo nyuma na shoo ya mbele (wavu wa mbele ya rejeta) isiyogawanywa. Ya 1969 ina taa ndefu nyuma na shoo iliyogawanywa katikati. Ya 1970 bampa lake la mbele linaizunguka shoo yote. 'Cuda ya 1970 ina taa mbili mbele, ya 1971 ina nne, pamoja na matundu kama mashavu ya samaki kwenye mabawa ya mbele. Yapo maboksi yaliyochanganya vitu hivi. Tafuta picha za gari halisi la mwaka unaoutaka, uziangalie kabla ya kulipa.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninayoiamini zaidi.

1. Revell 1/25, Plymouth Hemi 'Cuda ya 1970

Hili ndilo la 1/25 nililoanza nalo hapo juu, na kama utanunua seti moja tu mwaka huu, nunua hii. Sababu yangu kubwa iko chini ya boneti. Hemi ya inchi za ujazo 426, injini iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 425, ni pana kiasi kwamba inajaza nafasi yote kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye seti hii inajaza kweli. Mifuniko ya silinda ina upana wake, kabureta mbili zimekaa zilipotakiwa kukaa, na kofia ya hewa inatokeza juu kupitia tundu la boneti kama kwenye gari lenyewe. Plymouth ilitoa 'Cuda za Hemi zenye paa la chuma 652 tu mwaka huo, kwa hiyo unajenga gari ambalo wengi hata Marekani kwenyewe hawajawahi kulisogelea.

Bloku ipake rangi ya machungwa ya Hemi, mifuniko ya silinda iwe nyeusi isiyong'aa. Halafu ongeza nyaya za plagi, kwa sababu seti haina. Waya halisi una unene wa milimita 7. Ukigawa kwa 25 unapata chini kidogo ya milimita 0.3. Uzi mmoja wa shaba uliotolewa ndani ya waya mwembamba wa umeme, ukipakwa rangi nyeusi, unatosha kabisa. Distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, iko mbele, na nyaya nane zinaingia katikati ya mifuniko, nne kila upande, kwa sababu plagi za Hemi zimesimama katikati ya kichwa cha silinda. Kazi hii inachukua jioni mbili na kibano kizuri. Ukimaliza, hutataka kufunga boneti tena.

Rangi ya bodi pia ina ukweli wake. Chrysler, wenye Plymouth na Dodge, walitumia kodi, yaani alama za herufi na namba, na rangi ile ile ilipewa majina tofauti. FC7 ni In-Violet ukiwa kwa Plymouth, na ni Plum Crazy ukiwa kwa Dodge. EV2 ni Tor-Red huku na Hemi Orange kule. Agiza kwa kodi, usiagize kwa jina.

Kutoka Revell hao hao, Chevelle SS 396 ya 1968 na Nova ya 1969, zote za 1/25, ziko karibu na kiwango hiki. Mpenzi wa Chevrolet aanzie hapo.

2. Moebius 1/25, Plymouth Satellite ya 1965

Moebius walikuja nyuma ya wenzao, na inaonekana walitumia muda wao kuangalia gari lenyewe. Mistari ya milango ni myembamba, shoo ya mbele ina kina, na sehemu za ndani zimetenganishwa kiasi cha kukuruhusu upake kila moja peke yake. Nimeiweka ya pili kwa sababu sehemu ndogo ni nyingi na nyembamba. Anayeanza atavunja mbili tatu akizikata kwenye fremu ya plastiki inayozishika. Angalizo moja kwa wapenda usahihi: Hemi ya barabarani ilianza kuuzwa kwa magari ya mwaka 1966. Ukiweka Hemi kwenye Satellite ya 1965, umejenga gari la mashindano, basi mengine yote yafuate: tairi, viti, kila kitu.

3. AMT 1/25, kalibu za enzi ya Ertl

Ertl waliinunua AMT miaka ya 1980 wakachonga kalibu kadhaa nzuri. Plymouth Road Runner ya 1968 na Shelby GT350 ya 1967 ndizo ninazozipendekeza. Siku hizi AMT iko chini ya Round 2 ya South Bend, Indiana, ambao wanazirudisha sokoni wakiwa wameboresha stika za maji (zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa), na katika baadhi ya maboksi hata tairi zina maandishi yaliyochapwa tayari.

Road Runner ina utamu wake kwa anayeijua historia yake. Plymouth walitaka gari lenye kasi kwa kijana asiye na fedha nyingi, wakaondoa kila pambo, ila wakailipa Warner Bros dola 50,000 wapate haki ya kutumia jina na picha ya ndege wa katuni. Kwa hiyo ukifungua boksi ukaona ndani ya gari pamekaa pakavu, kiti kimoja kirefu mbele na milango isiyo na mapambo, usidhani umepunjwa. Ndivyo gari lilivyokuwa. Usiongeze kitu.

4. Monogram 1/24 za miaka ya 1980

Leo zinauzwa kwa jina la Revell. Sehemu zake ni kubwa, zinaingiana vizuri, hazihitaji kubembelezwa. Kwa anayejenga kwa mara ya kwanza, au mzazi anayetaka kukaa mezani na mtoto wa miaka 12, ningeziweka namba moja. Kwa usahihi zinapishana sana. GTO ya 1964 naipenda. Buick GSX ya 1970 naipenda zaidi, na ina nafuu ya rangi: mwaka huo GSX zilitoka 678 tu, kwa rangi mbili, njano ya Saturn Yellow na nyeupe ya Apollo White. Huna pa kukosea. 'Cuda ya kalibu hizi ndiyo ile iliyovimba, iache.

5. Kalibu za zamani za AMT na MPC

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu watu huzidharau kwa haraka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, AMT walikuwa wakitoa seti mpya kila magari ya mwaka mpya yalipotoka, sambamba na modeli zilizokwisha kuunganishwa ambazo mawakala wa magari waliwapa wateja. Viwanda vya Detroit viliwapa wachongaji michoro ya magari hayo. Ndiyo maana bodi ya seti ya mwaka 1969 inaweza kuwa na mstari wa paa ulio sahihi kuliko bodi iliyochongwa miaka 30 baadaye na mtu aliyepima gari bovu.

Shida iko chini. Geuza chesisi uone: ekzosi imeunganishwa na sakafu kama mshipa kwenye mkono. Tazama bloku ya injini pembeni: ina tundu linalopita upande hadi upande, na humo ndimo unapopita waya wa ekseli ya mbele. Hakuna injini duniani iliyotobolewa hivyo. Na kalibu nyingi za aina hii zilichongwachongwa baadaye zitoe magari ya mashindano, zikapoteza sura ya mwanzo. Ukiipata ambayo bodi yake imesalimika, ichukue, kisha tafuta chesisi na injini kwenye seti mpya ya gari la ukoo ule ule. Kwa njia hiyo unanunua seti mbili upate modeli moja. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na sijuti.

Jo-Han wa Detroit, watengenezaji wengine wa zamani, siwapi namba kwa kuwa seti zao unazipata mkononi kwa mtu tu. Ukikutana na Superbird yao (Plymouth yenye bawa refu nyuma) iliyokamilika kwa bei ya kawaida, usiiache.

Fedha nyingine iende wapi

Seti mpya mara nyingi inauzwa kati ya dola 25 na 40 huko Marekani, na hiyo siyo gharama yote. Gundi nyepesi ya kupaka kwa brashi, kama ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, ni ya lazima. Gundi nzito ya tyubu inaacha nyuzi. Baada ya hapo, kabla ya kitu kingine chochote, nunua karatasi ya Bare-Metal Foil. Ni karatasi nyembamba ya metali yenye gundi nyuma, na ndiyo inayotoa kromu ya kweli kuzunguka vioo. Ibandike kipande kidogo juu ya maandishi ya bodi kabla ya kupaka rangi. Rangi ikikauka, chukua kijiti cha pamba chenye thina kidogo, sugua taratibu juu ya herufi, na jina la gari linajitokeza likiwaka.

Undakoti ya rangi ya fedha nayo uwe nayo. Niliwahi kununua GTO ya zamani, plastiki yake nyekundu, nikaipiga undakoti ya kijivu kisha nyeupe koti tatu. Asubuhi ilikuwa nyeupe. Wiki ya pili ilikuwa na rangi ya ufizi. Wekundu wa plastiki ulipanda ukapenya koti zote. Tangu hapo plastiki nyekundu naifunika kwa fedha kwanza, na haijapenya tena.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki, kumbuka kwamba makopo ya rangi ya kupuliza hayasafirishwi kwa ndege kama mzigo wa kawaida. Agiza seti, gundi na karatasi ya metali. Rangi itafute hapa. Duka la rangi za magari linalochanganya kwa kodi litakutengenezea kiasi kidogo. Rangi hizo ni kali kwa plastiki, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata sehemu, na upige koti nyembamba sana. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Ukipuliza asubuhi ya mvua, rangi inapata ukungu mweupe. Subiri mchana wenye jua.

Ukinunua mtumba, omba picha ya fremu zote na ya vioo. Kioo kilichopasuka ndicho kigumu kuliko vyote kukipatia mbadala. Stika zilizogeuka njano zisikutishe: zibandike kwa tepu dirishani zipigwe jua kwa siku kadhaa, njano hupungua.

Na mzigo ukifika, hata kama hutajenga mwaka huu, fungua boksi siku hiyo hiyo utoe tairi. Tairi laini zikikaa miaka zimegusana na plastiki, zinaiyeyusha. Nimeshafungua boksi lililofungwa tangu dukani nikakuta tairi moja imezama katikati ya kioo cha mbele. Zitie kwenye mfuko wake, ufunge, uziweke kona ya mbali na bodi.