Kontrola ya Betri za AA au ya Betri ya Ndani? Ipi Ununue Kwanza, Ipi Mwisho

Mtu akienda kununua kontrola ya gemu huangalia vitufe, rangi, na kama inakubaliana na mashine yake. Betri huulizwa mwishoni, tena kwa swali moja tu: inakaa na chaji saa ngapi? Saa ni muhimu, lakini hazisemi kontrola itaishi miaka mingapi. Ukiacha vijiti vya analogi vinavyoanza kusukuma mchezaji pembeni bila kuguswa, kinachochoka mapema zaidi ni betri. Ya lithiamu, ambayo ndiyo aina inayojengwa ndani ya kontrola, ikishajaa na kuisha mara 300 hadi 500 hivi huwa imepoteza sehemu ya uwezo wake, na kuanzia hapo unazidi kucheza ukiwa umefungwa kwenye waya. Kwa hiyo mpangilio wangu unafuata swali jingine: betri ikichoka, utafanyaje?

Kabla ya hapo, tumalize hilo la saa, maana ndilo linalowadanganya wengi. Betri ya DualSense ya PlayStation 5 ni ya mAh 1,560 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kwa volti 3.65, yaani nishati ya kama wati-saa 5.7. Ya Switch Pro Controller ni mAh 1,300 kwa volti 3.7, kama wati-saa 4.8. Betri mbili za AA za kuchaji, za mAh 2,000 na volti 1.2 kila moja, nazo zinakupa 4.8 ile ile. Hazipishani sana. Hata hivyo Nintendo inaitajia Pro Controller yake saa 40 hivi, na DualSense kwa wachezaji wengi haivuki saa 12. Tofauti iko kwenye ulaji: DualSense ina mitetemo mizito, vichochezi (vitufe vya nyuma vya kufyatulia) vyenye mota ndani yake, spika, maikrofoni na taa. Ukiingia kwenye mipangilio ya mashine ukapunguza nguvu ya mtetemo, ya vichochezi na mwanga wa taa, chaji inasogea mbele bila kununua kitu. Ndiyo maana idadi ya mAh iliyoandikwa kwenye boksi pekee isikuamulie.

Na tukubaliane jambo jingine: mara nyingi mashine imeshakuchagulia. Mwenye PlayStation 5 hana kontrola ya Sony ya AA ya kununua. Mpangilio huu unamfaa zaidi anayecheza kwenye kompyuta, simu, Xbox au Switch, na yule ambaye bado hajanunua mashine.

1. Kontrola ya AA, yenye betri za kuchaji

Kontrola ya kawaida ya Xbox bado inatumia AA mbili, na Microsoft inaitajia hadi saa 40. Wapo wanaoicheka kwamba ni teknolojia ya rimoti ya televisheni. Mimi naiweka ya kwanza bila kusita, kwa sharti moja: usiitilie betri za kutupa. Nunua nne za kuchaji za aina ya NiMH, mbili zikae ndani, mbili zisubiri zikiwa zimejaa. Chaji ikiisha katikati ya mechi unafungua kifuniko, unabadilisha, unaendelea. Baada ya miaka zikianza kuchoka unanunua nyingine nne, na kontrola haijui kilichotokea.

Chagua zile zisizopoteza chaji zikiwa zimekaa tu. Sanyo ilizileta sokoni mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, leo zinauzwa na Panasonic, na kampuni nyingine nyingi zina za kwao. Dalili yake kwenye pakiti ni maneno ya kwamba zimeshachajiwa tayari. NiMH za zamani ukiziacha kwenye droo wiki chache unazikuta tupu. Hizi hukaa na sehemu kubwa ya chaji kwa mwaka na zaidi. Chaja nayo isiwe ile inayochaji betri mbili mbili kama kitu kimoja. Tafuta inayosimamia kila betri peke yake, la sivyo moja itazidishiwa chaji huku mwenzake haijajaa. Usichanganye ya zamani na mpya ndani ya kontrola moja.

Kuna mambo matatu ambayo muuzaji hatakuambia. Kwanza, NiMH ni ya volti 1.2 wakati betri ya kutupa huanzia 1.5, kwa hiyo kipimo cha chaji kwenye skrini kinaweza kushuka mapema kisha kikaganda hapo muda mrefu. Usiogope, cheza. Pili, kuna AA za lithiamu zenye tundu la USB, ambazo hutoa volti 1.5 mfululizo hadi mwisho. Kwa hizo kipimo huonyesha imejaa, imejaa, imejaa, halafu kontrola inazima ghafla. Tatu, na hili ni la hatari: kuna betri iitwayo 14500, ina umbo lile lile la AA, lakini ni ya volti 3.7. Ukizitia mbili unaweza kuunguza kontrola. Soma volti kabla ya kununua, usitazame umbo.

Jambo jingine, kuchomeka waya wa USB kwenye kontrola ya Xbox hakuchaji AA zilizomo. Waya unaiendesha kontrola, basi. Wapo wanaoilaza kwenye waya usiku kucha wakashangaa asubuhi.

2. Yenye pakiti ya kutoa, inayokubali na AA

Pro 2, kontrola ya kampuni ya 8BitDo, ndiyo mfano mzuri. Inakuja na pakiti ya mAh 1,000 inayokaa kama saa 20, inachajiwa kwa waya, na ikikuangusha unaichomoa ukaweka AA mbili mahali pale pale. Xbox nayo unaweza kuinunulia pakiti ya Microsoft, inayojaa chini ya saa 4 na kutajiwa hadi saa 30.

Kwa karatasi hii ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu pakiti ni ya umbo la kampuni yake tu, na siku ikiacha kutengenezwa unabaki na AA, yaani unarudi namba moja baada ya kulipa zaidi. Pia hakikisha toleo unalonunua linafanya kazi na mashine yako, kwani matoleo hutofautiana. Na pakiti zisizo na jina, zile za bei ya chini kuliko zote, ni rahisi ghali: hazikai sawasawa kwenye nafasi yake, mtetemo ukija kontrola inazima.

3. Betri ya ndani inayofikiwa kwa bisibisi

Hapa ndipo zilipo DualSense, DualShock 4 ya PlayStation 4 na Switch Pro Controller. Muuzaji anasema betri yake haitoki. Inatoka, ila kwa kazi kidogo. Pro Controller ndiyo nyepesi kuliko zote: unavua mishikio miwili, skrubu moja kila upande, unafungua skrubu nne za mgongoni, na betri inaonekana ikiwa imekaa kama ya simu za vitufe, bila waya wowote. DualSense inataka subira zaidi, kwani skrubu mbili zimejificha chini ya L1 na R1, nyingine mbili chini ya urembo wa plastiki unaozunguka vijiti. Ukishafika, betri imeunganishwa kwa plagi ndogo, haikuchomelewa kwa lehemu. Vuta plagi yenyewe, usivute nyaya.

Kwa DualShock 4 jihadhari na jambo moja: matoleo ya mwanzo na ya baadaye yana plagi za saizi tofauti. Soma namba iliyo mgongoni, CUH-ZCT1 au CUH-ZCT2, kabla ya kuagiza betri. Na betri ya kubadilisha yenye umbo lile lile la asili lakini inayodai uwezo mara mbili au tatu, huo ni uongo wa lebo.

Ukinunua kundi hili, usiiache kontrola ikae tupu miezi mingi, wala juani au juu ya mashine inayotoa joto. Ikiwa huchezi kwa muda, ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji.

4. Betri ya ndani iliyofichwa

Xbox Elite Series 2 ya mwaka 2019 hutajiwa hadi saa 40, na mkononi ni tamu kweli. Lakini betri yake si ya mtumiaji kubadilisha, na kuifikia ni lazima uvue sehemu nyingi kuliko hizo za juu. Ajabu ni kwamba Elite ya kwanza, ya 2015, ilitumia AA. Kulipa zaidi ili upate betri isiyobadilishika kirahisi ni biashara nisiyoielewa, labda kama una fundi unayemwamini.

Anayecheza mezani kwenye kompyuta afikirie pia kontrola ya waya. Haina betri hata moja, na bei yake huwa chini.

Wasio na haraka wajue kwamba kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo vinavyouzwa huko ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe.

Ukinunua iliyotumika, ya AA ifungue kifuniko utazame vyuma vya betri. Unga mweupe au wa kijani maana yake betri za kutupa zilivujia humo. Ukiwa kidogo husafishwa kwa pamba yenye siki, ukiwa umekula chuma, rudisha. Ya betri ya ndani, ichaji ijae, chomoa waya, kisha cheza gemu yenye mtetemo mwingi mbele ya muuzaji. Halafu pitisha kidole kwenye mshono wa plastiki. Ukisikia umeachana, iache hapo hapo: betri iliyovimba haichajiwi tena wala haitobolewi, hata kama bei imepunguzwa.