Baitiwingi na kamera ya infraredi: tathmini ya njia mbili za kuona uozo uliojificha katikati ya meno

Uozo wa katikati ya meno huanzia chini kidogo ya pale meno mawili yanapogusana, mahali ambapo mswaki haufiki na kioo cha daktari hakioni kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaguliwa kinywa kizima, akaambiwa meno yake ni mazima, kisha baada ya muda ukingo wa gego ukavunjika akiwa anatafuna. Nimefanya kazi na vifaa kadhaa vya kuupiga picha uozo huo, na ninavyotaka kuvitathmini kwa kina ni viwili: eksirei ya kung'ata, ambayo sisi wa kazi hii huiita baitiwingi, na kamera ya mwanga wa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ya DIAGNOcam inayotengenezwa na kampuni ya KaVo.

Baitiwingi ni njia kongwe, iliyoelezwa na Howard Raper mwaka 1925, na kanuni yake haijabadilika. Mgonjwa hung'ata kishikio chenye filamu au sensa (kipokezi cha kidijitali cha miale), miale hupita katikati ya meno, na picha moja huonyesha vichwa vya magego ya juu na ya chini pamoja na ukingo wa mfupa unaoyashikilia. Sifa yake kubwa ni kuonyesha kina: unaona kama kivuli kimeishia kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino, au kimevuka na kuingia kwenye dentini, tabaka lililo chini yake, na kimebakiza umbali gani kufika kwenye kiini cha jino. Aidha, huweza kuonyesha uozo uliorudi pembeni mwa jino lililozibwa zamani, jambo ambalo hakuna mwanga unaoliweza vizuri.

Udhaifu wake ni kwamba uozo hauonekani mpaka jino limepoteza madini mengi, kiasi ambacho kwa kawaida hukadiriwa kuwa asilimia 30 hadi 40, na kwa sababu hiyo kivuli kwenye picha huwa kidogo kuliko uharibifu wenyewe. Udhaifu wa pili ni wa mpigaji. Pembe ya miale ikikosewa kidogo tu, jino hufunika jirani yake na sehemu unayoitafuta hupotea kabisa. Katika kliniki moja niliyowahi kufanya kazi, picha zilipigwa bila kishikio, na tulikuwa tukimwanika mgonjwa kwenye mionzi mara mbili au tatu kwa picha ambayo ingepatikana mara moja. Hilo liliniuma na bado linaniuma, ingawa mionzi yenyewe si mingi: picha nne zikipigwa kwa filamu ya kasi au bamba la fosfori, na miale ikabanwa kwa kizuizi chenye tundu la umbo la mstatili, mgonjwa hupata takriban mikrosiverti 5 (kipimo cha mionzi), ilhali mionzi ya asili humpa binadamu wastani wa zaidi ya mikrosiverti 6 kila siku.

Kamera ya infraredi haina mionzi hiyo hata kidogo. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 huingizwa kupitia fizi na mfupa kutoka pande zote mbili, jino likaangazwa kutokea ndani, na kamera iliyo juu ya sehemu ya kutafunia ikachukua picha papo hapo. Enameli isiyo na uozo hupitisha mwanga. Iliyopoteza madini huutawanya na kuonekana kama doa jeusi. Mgonjwa huliona doa hilo kwenye skrini wakati uleule, na kwa uzoefu wangu hakuna maelezo yanayomshawishi kuanza kutumia uzi wa kusafishia meno kuliko picha hiyo. Kwa mtoto asiyeweza kuvumilia sensa mdomoni, au kwa kufuatilia doa lilelile kila baada ya miezi kadhaa, ni kifaa ninachokipenda sana.

Hata hivyo, doa likishafika kwenye dentini, kamera haikuambii limezama kiasi gani. Haioni chini ya fizi, amalgamu, ile metali ya kuzibia meno, huzuia mwanga, na ufa au rangi iliyoganda huweza kuonekana kama uozo machoni pa asiyezoea. Skana ya mdomoni ya iTero Element 5D nayo hutumia infraredi, lakini hupokea mwanga unaorudi, kwa hiyo uozo huonekana mweupe. Anayehama kifaa kimoja kwenda kingine lazima ajifunze upya kusoma picha. Eksirei za pande tatu sizipendekezi kwa kazi hii, kwa kuwa mionzi yake ni mingi zaidi na vyuma vya kuzibia huchafua picha.

Nikilazimika kubaki na kifaa kimoja, nitabaki na baitiwingi iliyopigwa kwa kishikio. Nikiwa navyo vyote viwili, kamera hutangulia na eksirei hufuata pale tu jibu litakapobadilisha matibabu. Daktari anayenunua kamera kisha akatoboa kila doa jeusi atawaharibia watu meno, kwa sababu uozo ulioishia kwenye enameli bila kuacha tundu huweza kusimamishwa kwa floridi na usafi, au kwa kuupenyezea Icon, utomvu maalumu (resini) wa meno. Na kwa kuwa hakuna picha kati ya hizi inayothibitisha kama uso wa jino umeshatoboka, ninapokuwa na shaka huweka kipira cha kutenganishia kati ya meno hayo mawili, nikamwita mgonjwa baada ya siku mbili au tatu, na kuangalia kwa macho.