Chumba kipya cha kufundishia kazi ya maiti hapa Goma: hewa na maji vimefikiriwa, familia bado

Wenzangu wa hospitali za Goma wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kuwapeleka vijana wao wakasomee kazi ya morgi, yaani nyumba ya maiti, kwenye jengo jipya la chuo kimoja hapa mjini. Nimeosha na kutengeneza maiti tangu nikiwa msichana, na juzi niliitwa pale kufundisha masomo ya mikono, kwa hiyo nimeliona jengo likiwa tupu na nimeliona likiwa na wanafunzi. Jibu langu ni ndiyo, wapelekeni. Lakini kuna mlango mmoja umekosekana, nitaufikia.

Kwanza hewa. Morgi nyingi nilizopitia zina feni moja juu ya ukuta, karibu na dari. Ikiwaka, mvuke wa formoli, dawa ya kuhifadhia maiti, unapanda kuifuata, na njiani unapita kwenye pua na macho ya aliyeinama juu ya maiti. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka formalidehaidi, ambayo ndiyo nguvu ya formoli, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisi tulikuwa tunalia machozi tukidhani ndiyo kazi ilivyo. Hapa hewa safi inaingia kwa juu, chafu inavutwa kwa matundu yaliyo chini, karibu na meza, kisha inatolewa kwa bomba refu juu ya paa. Injinia aliniambia wamepiga hesabu ya hewa kubadilika mara 12 kwa saa, kiwango kinachotakiwa Marekani kwa vyumba vya kupasulia maiti. Sina mashine ya kupimia, lakini nilishika kipande cha karatasi ya choo kwenye upenyo wa mlango na kikavutwa kuelekea ndani. Maana yake mlango ukifunguliwa, harufu haikimbilii darasani. Na feni inayovuta hewa hiyo imeunganishwa na jenereta ileile ya chumba cha baridi, kwa hiyo umeme ukikatika watu hawabaki na formoli puani.

Maji ndiyo jambo gumu zaidi katika mji wetu. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano; kuchimba shimo tu ni kazi ya nyundo na jasho. Mji hauna mabomba ya maji machafu yanayokusanya ya kila nyumba, na mawe yenyewe yana nyufa, unachomwaga kinazama haraka. Ziwa Kivu liko palepale chini, na kuna watoto wanaoteka humo maji kwa bidoni kila asubuhi. Mchoro wa kwanza, nilivyoelezwa, ulipeleka maji ya meza kwenye fosi ya kawaida, yaani shimo la maji machafu, pamoja na ya vyoo. Nashukuru kuna mtu aliukataa. Formoli ikiingia kwenye fosi inaua vile vijidudu vinavyooza uchafu, na fosi yenyewe inakufa. Sasa meza zote zinamwaga kwenye tangi lililofungwa, mbali na vyoo. Nilipouliza tangi likijaa litaenda kumwagwa wapi, na nani atalipa gari, sikupata jibu la kueleweka. Hilo wakae walimalize kabla ya kupokea kundi la pili.

Meza ni za chuma kisichoshika kutu, zimeinama kidogo upande wa miguu, na zinapanda na kushuka. Msisitizo wangu ni huo wa kupanda na kushuka, kwa sababu migongo yetu ndiyo inayokufa mapema katika kazi hii. Sakafu haitelezi, na pale inapokutana na ukuta imepindwa ikapanda juu, hakuna kona ya kuficha damu. Juu ya meza ya mwalimu kuna kamera na skrini ukutani: ukipasua shingoni kutafuta ateri ya kupitishia dawa na vena ya kutolea damu, hata aliye nyuma kabisa anaona kidole chako kiko wapi. Nilisimama na wanafunzi watano kwa meza moja, nafasi ikatosha. Wa sita angekuwa mtazamaji.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni cha bei ndogo: reli ya chuma darini yenye kulabu na kamba. Pampu ya umeme ipo, lakini kulabu ni ya kuning'iniza chupa ya dawa. Ukiinua chupa mita 1 juu ya mwili, shinikizo lake linakuwa kama milimita 74 za zebaki, pungufu kidogo ya ile 80 ya chini ya presha ya damu tunayoisoma kwenye mkono wa mtu mwenye afya. Dawa inaingia polepole, uso hauvimbi, na haihitaji umeme hata kidogo. Kijana atakayerudi Masisi au Rutshuru hatakuta pampu. Atakuta mti wa kufungia kamba.

Chumba cha kutengeneza sura kiko pembeni, kidogo, chenye mwanga mzuri wa dirisha la juu. Humo wanafinyanga pua, sikio na mdomo kwa nta juu ya fuvu la plastiki. Niliwaonyesha vipimo: uso unagawanyika mara tatu sawa, toka penye nywele hadi nyusi, toka nyusi hadi chini ya pua, toka hapo hadi kidevu, na sikio lina urefu wa pua. Binti mmoja aliniuliza, "Mama, jicho tunalifunga katikati?" Hapana, mwanangu. Kope la juu ndilo linaloshuka sana, mstari unakaa chini ya katikati ya jicho. Ukiufunga katikati, mama yake atasema huyu si mtoto wangu. Katika mji huu, baada ya mabomu na risasi za Januari 2025, baada ya boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku Oktoba 2024, baada ya ajali za pikipiki za kila siku, somo hili si la urembo. Ningeliongezea saa.

Chumba cha baridi ni cha kuingia kwa miguu, si droo. Wamechagua vizuri. Januari ile morgi za Goma zilijaa na umeme ulikatika. Droo ikijaa imejaa, lakini chumba unaweza kukipanga upya.

Sasa ule mlango. Jengo lina njia ya mwanafunzi, ya mwalimu, ya maiti, na ya takataka. Familia haina. Waliokuja kumtambua marehemu siku niliyokuwepo walipitishwa kwenye korido ya makabati ya nguo, katikati ya vijana waliovaa aproni na mabuti, wakaonyeshwa uso juu ya machela penye mlango wa nyuma, kando ya mapipa. Papa mmoja mzee alivua kofia akakosa mahali pa kuiweka. Nilikuwa kwenye timu za mazishi wakati wa Ebola, ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikaua zaidi ya watu 2,200 na kufika hata hapa Goma Julai 2019. Kule nyumba tulizoziachia nafasi ya kuona na kusali zilitupokea. Tulizozifungia zilitupiga mawe. Mwanafunzi asiyefundishwa kukaa na familia atajua mishipa yote na bado atafukuzwa kwenye kilio.

Chumba kinachotakiwa ni kidogo: viti, maji ya kunywa, kioo kikubwa chenye pazia kwa ugonjwa wa kuambukiza, mlango wake barabarani. Kiwe pia na meza ya kuoshea yenye maji yanayotiririka, ili Waislamu wamwoshe ndugu yao wenyewe na kumvika sanda, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Ukuta wa upande wa barabara una stoo ya vifaa vya usafi isiyojaa hata nusu. Ukitobolewa hapo, kazi ya mafundi wawili wa mawe, nafasi inapatikana bila kujenga jipya. Nimewaandikia hivyo, na mchoro wa mkono nimeuambatanisha.