Rokuroniamu ya vichupa vya mg 50: naikubali ila usiibanie dozi

Mi natoa nusu kaputi hapa Dodoma na hii dawa ya kulegeza misuli naikubali sana. Juzi usiku kaletwa mzee utumbo umejifunga, tumbo limejaa, kilo 60, nikampa mg 1.2 kwa kilo yaani mg 72, kichupa kimoja hakitoshi nikafungua cha pili, dakika moja hivi nyuzi za sauti zimetulia wazi kabisa tyubu ya kupumulia ikapita bila hata kikohozi. Ukitoa mg 0.6 kwa kilo utasubiri zaidi, na tumbo lililojaa halisubiri jamani, mgonjwa anaweza kutapika yakaingia mapafuni. Inachelewa kuisha lakini, inaweza kupita saa nzima, sio kama saksa (suksametoniamu), ile dawa nyingine ya kulegeza misuli inayoisha haraka. Na itunzeni kwenye friji, joto la Oktoba huku mnalijua.