TAHADHARI: Anauza Olympus OM-1 kwa picha ya kitundu cha Nikon

Wakuu, kama kuna mtu anataka kununua kamera ya filamu mtandaoni wiki hizi, asome hapa kwanza. Nimepigwa laki nne na themanini. Si ule utapeli wa kutuma hela usione kitu. Kamera imefika, inafyatua, inang'aa, na ndiyo maana nilichelewa kujua kuwa nimepigwa.

Macho yangu si ya ujana tena. Pentax K1000 yangu naipenda, ila katikati ya skrini yake ya fokasi, kile kioo unachoona picha ukichungulia, kuna vile vipembe vidogo vinavyometameta tu, na jua likizama nabaki kubahatisha. OM-1 niliitamani kwa ajili ya kitundu chake cha kuchungulia. Kamera yenyewe ndogo, lakini ndani kinakuza mara 0.92 ukiwa na lenzi ya 50mm, na unaona asilimia 97 ya fremu. K1000 ni 0.88 na asilimia 91, Nikon FM2 ni 0.86 na asilimia 93. Ukisoma namba unaona zinakaribiana. Ziweke jichoni moja baada ya nyingine, OM-1 ni kama umetoka chumbani ukakaa barazani. Zenit-E ya marehemu mjomba hata siiingizi kwenye mashindano haya, ile unachungulia tundu la ufunguo.

Basi nikakuta tangazo. Jamaa yuko Arusha, mimi Dar. Nikamwomba picha iliyopigwa kupitia kitundu, akaituma ndani ya dakika mbili. Picha safi kabisa: dirisha lenye nondo, kiti cha plastiki cha bluu, na duara la katikati limeikata nondo moja vipande viwili, kama inavyokuwa kabla hujaipata fokasi. Hakuna doa, hakuna vumbi. Nikatuma hela kwa simu, mzigo ukaja na basi, kesho yake nikaupokea stendi ya Mbezi.

Nilipochungulia nikaona doa la kahawia, kama chai iliyokaukia kitambaani. Nalijua, ni ugonjwa wa OM-1. Sponji iliyowekwa kiwandani kwenye prizimu, kile kioo cha juu kinacholeta picha jichoni, huoza, ikawa ugoro mweusi unaonata, ikaanza kula ule mpako wa fedha unaoakisi mwanga. Nikamwandikia. Akajibu: "Kaka hilo ni vumbi tu, kwenye picha halitokei." La vumbi alidanganya, la picha alisema kweli, maana filamu haipati mwanga kupitia prizimu. Nikanyamaza. Nilitakiwa kujiuliza palepale: mbona kwenye picha aliyonitumia halikuwepo?

Nikaenda nayo kwenye harusi ya binti wa dada yangu. Picha 36, nyingi za uso, lenzi ya 1.8 wazi yote. Zilipotoka, bibi harusi macho yamefifia, lakini hereni zake unaweza kuhesabu jiwe moja moja. Shangazi vilevile, macho ukungu, sikio kali. Mkono ukitetemeka picha nzima inavurugika. Hizi zote fokasi ilikuwa imerudi nyuma kwa kiasi kilekile.

Nikafungua mgongo wa kamera, nikabandika selotepu ile yenye ukungu juu ya reli zinapopita filamu, shata nikaishikilia kwenye B ibaki wazi. Mbele yangu, mita moja, nikaweka kopo la maziwa. Kwenye skrini nilikuwa nimeyapata maandishi ya kopo yakiwa makali kama wembe. Kwenye selotepu, ambako picha inatokea kichwa chini, hata herufi moja haisomeki. Nikazungusha pete ya fokasi mpaka yakasomeka kwenye selotepu, kurudi kwenye kitundu nikakuta duara limeyakata vipande viwili.

Skrini ya OM-1 hutolewa kupitia mdomo wa lenzi, ukivuta kifungio inashuka yenyewe. Hii iliyoshuka si ya Olympus. Haina kile kiulimi cha kushikia kwa kibano, na ukingo mmoja una alama za kisu. Ni skrini ya kamera nyingine iliyochongwa ili ienee. Tatizo ni kwamba mwanga kutoka lenzi hadi skrini lazima usafiri umbali uleule wa kutoka lenzi hadi filamu. Skrini ikitofautiana unene hata kidogo, kitundu kinakudanganya kila siku na huwezi kukishtukia kwa kuchungulia tu.

Ndipo nikaifungua tena ile picha yake. Kushoto kuna 125, yaani spidi ya shata. Juu katikati, tarakimu za uwazi wa lenzi. Kulia, taa ndogo nyekundu. Wakuu, OM-1 haina hata kimoja kati ya hivyo! OM-1 ina sindano ya kipima mwanga tu, chini kushoto, inacheza kati ya + na −. Spidi hazionekani ndani kabisa. Ile ni Nikon, FM au FM2. Na juzi nimeiona picha ileile, kiti kilekile cha bluu, kwenye tangazo la K1000, kamera ambayo sindano yake iko kulia. Mkitumiwa dirisha la nondo na kiti cha bluu, kimbieni.

Nilipomwonyesha akasema "kamera za zamani ndivyo zilivyo mkuu", halafu akaniblok.

Msikubali picha, dai video isiyokatwa. Aanze na jina la kamera juu, awashe swichi ya mita ya mwanga mbele yako, aende kwenye kitundu uione sindano ikicheza. Kisha pete aifikishe mwisho, kwenye ile nane iliyolala, alama ya mbali kabisa, aelekeze mnara wa simu ulio mbali. Mnara ukibaki umekatika vipande viwili kwenye duara, kuna kitu kimehama humo ndani, skrini, kioo kinachoakisi picha kwenda kwenye skrini, au lenzi yenyewe. Mwenye mali safi hamalizi dakika tatu.

Halafu, mwenye skrini ya 1-13 ya OM, ile yenye duara la kukata vipande viwili, asiyoihitaji anicheki. Yenye kiulimi.