Tathmini ya huduma: jinsi Ohio inavyosafisha daftari la wapiga kura

Kwa sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuliopata uraia wa Marekani na kujiandikisha hapa Columbus, huduma hii hutufikia kimyakimya, kupitia sanduku la barua. Mpiga kura wa Ohio ambaye hajaonekana kituoni kwa miaka 2 hutumiwa ilani ya kuthibitisha makazi yake; asipoijibu, na ikapita miaka 4 zaidi bila yeye kupiga kura wala kurekebisha taarifa zake, jina lake hufutwa.

Kusafisha daftari ni kazi ya lazima, maana watu hufa na wengine huhama, na sheria ya taifa ya mwaka 1993 inayataka majimbo yawaondoe. Ninachokosoa ni kadi yenyewe ya ilani. Imelipiwa stempu na anwani ya kuirudishia imeshachapwa, hivyo anayeisoma huimaliza kwa dakika moja. Lakini wangapi huisoma, ikiwa imefika pamoja na matangazo ya piza na bima ambayo wengi wetu huyatupa bila kuyafungua? Mwaka 2012 jimbo lilituma ilani zipatazo milioni 1.5. Zaidi ya milioni 1 hazikujibiwa. Waliojibu kwamba wamehama walikuwa kama 60,000, na waliojibu kwamba wangali palepale walikuwa kama 235,000, yaani kifaa kilichotengenezwa kuwanasa waliohama kiliwanasa zaidi wasiohama. Mkazi mmoja aliyepiga kura 2004 na 2008, kisha asipige 2012, alifika kituoni mwaka 2015 akakuta hayumo daftarini, ilhali nyumba yake ilikuwa ileile. Kesi ya mkazi huyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2018 iliuhalalisha utaratibu huu kwa majaji 5 dhidi ya 4. Uhalali umeamuliwa; ubora, kwa maoni yangu, bado ni hafifu.

Sehemu ninayoisifu bila kusita ni ukurasa wa jimbo wa kuhakiki uandikishaji, ambako jina na kaunti vinatosha kukuonyesha kama umo. Ni rahisi karibu sawa na ule ujumbe mfupi wa kuhakiki uandikishaji kupitia namba 70000 tuliouzoea Kenya. Mimi huufungua kila Septemba, kwa kuwa uandikishaji hufungwa siku 30 kabla ya uchaguzi, na anayegundua mwishoni mwa Oktoba kwamba amefutwa hawezi tena kujiandikisha kwa kura ya Novemba.